Kodi ya mapato ya Marekani: kila swali lina mwaka wake



Kila mwaka, mwezi wa pili na wa tatu ikifika, simu za kutoka Marekani zinaleta habari moja. Ndugu aliyehamia Texas, Ohio ao Kentucky anasema: "Pesa ya takse imeingia." Huku Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi sisi tunasikia kwamba serikali ya kule inagawaka pesa bure. Kisha manung'uniko yanaanza: "Serikali imekupa dola elfu tatu, na mama yako unamtumia hamsini?" Familia zimegombana juu ya jambo hili, na mara nyingi pande zote mbili hazikujua zinagombana juu ya nini.

Mimi naona dawa yake ni historia. Sheria ya kodi ya Marekani ni msitu mnene, hata Wamarekani wenyewe wanapotea ndani yake. Lakini yale maswali ambayo watu wanayauliza zaidi, kila moja lina mwaka wake wa kuzaliwa, na mara nyingi mwaka huo ni wa vita ao wa shida kubwa. Tukifuata miaka, msitu unapata njia.

1. Juu ya nini mtu alipe kodi kwa pesa aliyoitolea jasho?

Kwa miaka mingi serikali ya Washington haikugusa mshahara wa mtu. Iliishi kwa ushuru wa duane, yaani kodi ya vitu vinavyoingia kutoka nje, pamoja na kodi ya pombe na tumbaku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka wa 1861, ushuru huo haukutosha kulisha majeshi. Bunge likapitisha kodi ya kwanza ya mapato mwaka huohuo: asilimia 3 kwa mapato yanayozidi dola 800. Ilibaki karibu kwenye karatasi tu. Mwaka wa 1862 Rais Abraham Lincoln akatia sahihi sheria yenye meno zaidi, iliyounda pia kazi ya mkuu wa mapato ya ndani. Biro ya huyo mkuu ndiyo mama wa idara ya kodi ya leo, IRS. Vita viliisha, na mwaka wa 1872 kodi hiyo nayo ikafutwa.

Lakini swali halikufa. Ushuru wa duane unapandisha bei ya vitu dukani, na kila mtu ananunua dukani. Mkulima maskini wa Kusini ao wa Magharibi alikuwa analipa kodi kila akinunua nguo ao chombo cha kulimia, wakati tajiri mwenye hisa za reli hakulipa kitu juu ya faida ya hisa zile. Wakulima na wafanyakazi wakapiga kelele. Mwaka wa 1894 Bunge likarudisha kodi ya mapato, asilimia 2 kwa mapato yanayozidi dola 4,000. Ni watu wachache sana waliopata pesa kama hizo.

Mwaka uliofuata, 1895, Mahakama ya Juu iliivunja sheria hiyo katika kesi ya Pollock, kwa sauti 5 dhidi ya 4. Hoja yake: Katiba inasema kodi ya moja kwa moja lazima igawanywe kati ya majimbo kulingana na hesabu ya watu, na kodi ya mapato ya mali haiwezi kugawanywa hivyo. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, kubadilisha Katiba yenyewe. Bunge lilipendekeza badiliko mwaka wa 1909, majimbo yakajibu moja baada ya lingine, na tarehe 3 mwezi wa pili 1913 hesabu ikatimia. Ndilo Badiliko la 16. Mwezi wa kumi mwaka huohuo Rais Woodrow Wilson akatia sahihi sheria ya kodi.

Mnaona? Kodi hii haikuanza kama mzigo wa mtu mdogo. Ni mtu mdogo mwenyewe aliyeiomba, ili mkubwa naye alipe.

2. Nani anapaswa kujaza fomu?

Fomu ya mwaka ule wa kwanza iliitwa 1040, kwa sababu tu ndiyo namba iliyofuata kwenye orodha ya fomu za serikali. Jina halijabadilika mpaka leo. Ilikuwa na kurasa 4, na maelezo yalijaza ukurasa 1 tu. Kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 1, na tajiri wa juu kabisa alifikia asilimia 7. Mtu asiye na ndoa hakulipa kitu kwa dola 3,000 za kwanza, mwenye ndoa 4,000. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwanda hakuguswa. Katika nchi nzima walijaza fomu watu kama 358,000 tu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipandisha kiwango cha juu mpaka asilimia 77 mwaka wa 1918, lakini kodi ilibaki ya wenye mali. Kilichogeuza mambo ni vita vya pili. Mwaka wa 1939 waliolipa kodi ya mapato walikuwa karibu milioni 4. Mwaka wa 1945 walizidi milioni 42. Ndani ya miaka sita, kodi ya matajiri ikawa kodi ya kila mtu mwenye kazi.

Serikali ilijua kwamba wafanyakazi wengi hawajawahi kuona fomu ya kodi. Ikaomba kampuni ya Disney itengeneze filamu ya katuni, ikatoka mwaka wa 1942, ambamo bata Donald anafundishwa kujaza fomu na kulipa haraka ili vita vishindwe. Ndiyo, hata bata alilipishwa kodi!

3. Juu ya nini wanakata mbele, kisha wanarudisha?

Hapa ndipo penye ile "pesa ya takse" yetu, basi tukae kidogo.

Zamani mtu alipata mshahara wake wote, akautumia, kisha mwaka uliofuata mwezi wa tatu alipaswa kuleta kodi ya mwaka uliopita. Tajiri mwenye akiba aliweza. Fundi wa kiwanda cha ndege angetoa wapi? Pesa ilishaliwa. Ndipo Beardsley Ruml, mtu wa duka kubwa la Macy's ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa benki kuu ya New York, akapendekeza watu walipe papo hapo wanapopata, na serikali isamehe deni la mwaka mmoja ili wasilipe miaka miwili kwa mara moja. Watu wa wizara ya fedha walifanya hesabu za mpango wa kukata. Kati yao alikuwa kijana mmoja, Milton Friedman, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel na kujulikana dunia nzima kwa kupinga serikali inayochukua mingi. Sheria ilipita mwezi wa sita 1943, ikisamehe sehemu kubwa ya deni la mwaka mmoja, na tangu tarehe 1 mwezi wa saba 1943 kila mwajiri anakata kodi kabla ya kutoa mshahara.

Sasa, mwajiri anakata kwa kukisia. Hajui kama mwezi wa tisa utaacha kazi, utazaa mtoto ao utaoa. Mwisho wa mwaka anakupa karatasi inayoitwa W-2, yenye jumla ya mshahara na jumla ya kilichokatwa. Wewe unajaza 1040 na kufanya hesabu ya kweli. Kama kilichokatwa kilizidi, unarudishiwa. Kama kilipungua, unaongeza.

Tuchukue mfano wa mtu asiye na ndoa wala mtoto, aliyepata dola 40,000 mwaka wa 2024. Kwanza anatoa punguzo la kawaida la dola 14,600, ambalo halilipiwi kodi. Punguzo hili nalo lina mwaka wake: lilianza 1944, ili watu wale milioni arobaini wapya wasihangaike kukusanya risiti. Zinabaki dola 25,400. Dola 11,600 za kwanza zinalipa asilimia 10, yaani dola 1,160. Dola 13,800 zilizobaki zinalipa asilimia 12, yaani dola 1,656. Jumla ni dola 2,816. Kama mwajiri alikata dola 3,400 katika mwaka, mtu huyu atarudishiwa dola 584.

Hizo 584 si zawadi. Ni pesa yake mwenyewe, aliyoikopesha serikali bila faida. Mtu anayesherehekea marudisho makubwa ni kama aliyeweka pesa kwenye likelemba, kisha siku ya zamu yake akashukuru wenzake kana kwamba wamempa sadaka.

Mfano huu unajibu pia hofu moja ya zamani: "Nikiongezwa mshahara nitapanda ngazi, kodi italamba yote." Hapana. Ngazi ya juu inagusa tu zile dola zilizoifikia. Zile za chini zinabaki na kiwango chao. Iko hivyo tangu 1913.

Na tusisahau: kwenye karatasi ya mshahara kuna makato mengine ambayo hayarudi. Pensheni ya taifa, iliyozaliwa katika shida ya miaka ya 1930 na kupitishwa mwaka wa 1935, inachukua asilimia 6.2. Bima ya afya ya wazee, ya mwaka wa 1965, inachukua asilimia 1.45. Kwa mtu wetu wa dola 40,000, ni dola 3,060, zaidi ya kodi ya mapato yenyewe! Kuna pia majimbo yenye kodi yake juu ya hiyo. Texas na Florida hazikati mshahara.

4. Juu ya nini bwana na bibi wanajaza fomu moja?

Katika majimbo kadhaa, sheria ya ndoa ilihesabu mapato kuwa ya wawili nusu kwa nusu. Mwaka wa 1930 Mahakama ya Juu ilikubali watu wa huko wagawe mapato ya bwana katika fomu mbili, na hivyo walipe kodi ndogo kuliko jirani wa jimbo lingine mwenye mshahara uleule. Majimbo mengine yakaanza kubadilisha sheria zao za ndoa kwa ajili ya kodi tu! Mwaka wa 1948 Bunge likamaliza mchezo huo: wenye ndoa wote wanaweza kujaza pamoja na kupata faida ileile.

Tarehe ya mwisho, 15 mwezi wa nne, ni ya sheria ya 1954. Kabla yake ilikuwa 15 mwezi wa tatu.

5. Inawezekanaje mtu arudishiwe zaidi ya alichokatwa?

Inawezekana, na huu ndio ukweli wa pili wa "pesa ya takse". Mwaka wa 1975, uchumi ukiwa mbaya, Bunge lilianzisha msaada kwa wafanyakazi wa mshahara mdogo wenye watoto. Ulikuwa wa muda, hauzidi dola 400. Mwaka wa 1978 ukafanywa wa kudumu, na leo kwa familia yenye watoto watatu unaweza kuzidi dola 7,000. Kama kodi yako ni ndogo kuliko msaada, tofauti unapewa mkononi. Mwaka wa 1997 ukaongezwa msaada mwingine kwa kila mtoto. Lakini angalieni sharti: msaada huu wa 1975 unahitaji mtu awe amefanya kazi. Anayekaa tu haupati. Na tangu sheria ya 2015, marudisho yenye msaada huu hayatoki kabla ya katikati ya mwezi wa pili, ili idara ikague kwanza. Njo maana simu zote zinalia wakati mmoja.

Penye pesa, ujanja haukosi. Zamani mtu aliandika tu majina ya watoto kwenye fomu. Sheria ya 1986 ilidai kila mtoto mwenye miaka mitano na zaidi awe na namba yake ya pensheni ya taifa. Mwaka uliofuata, watoto kama milioni 7 walipotea kwenye fomu za nchi nzima. Hawakufa. Wengi wao hawakuzaliwa.

Ndugu zetu wapya kule wanaingizwa katika mtego huohuo. Anakuja mtu anayejiita fundi wa takse, anasema: "Andika na watoto wa dada yako walio Uvira, mimi nitachukua sehemu yangu kwenye marudisho." Tujue wazi: mtoto anayeishi Kongo na si raia wa Marekani hawezi kuandikwa kama mtegemezi, hata kama wewe ndiye unayemlipia minerval na chakula. Sheria inataka awe raia wa Marekani, ao mkaaji wa Marekani, Kanada ao Mexico. Na pesa unayotuma nyumbani haipunguzi kodi hata senti moja. Ni uchungu, lakini ndiyo sheria. Tena anayetia sahihi kwenye fomu anaapa kwamba kila kilichoandikwa ni kweli. Fundi akitoweka, sahihi inabaki yako. Idara yenyewe inaonya juu ya watu wanaodai asilimia ya marudisho na wanaokataa kuweka jina lao kwenye fomu. Kuko wanaojitolea katika mpango wa VITA, wanaosaidia watu wa kipato kidogo bila malipo.

Usidharau IRS. Al Capone, jambazi mkubwa wa Chicago, hakufungwa kwa mauaji. Mwaka wa 1927 Mahakama ya Juu ilisema hata pesa ya biashara haramu inalipa kodi, na mwaka wa 1931 Capone akapewa miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato.

6. Aliye nje ya Marekani naye?

Nchi nyingi zinamwacha raia wake akihama. Marekani hapana. Tangu vita vya miaka ya 1860 sheria ilimfuata raia aliyekaa nje, maana wengine walionekana kukimbia vita na kodi pamoja. Mwaka wa 1924, katika kesi ya Cook, raia aliyeishi Mexico na kupata pesa yake Mexico aliambiwa na Mahakama: uraia peke yake unatosha. Sheria ya 2010 ikaenda mbali zaidi, inadai mabenki ya dunia nzima yataje akaunti za Wamarekani.

Kwa hiyo ndugu mwenye karatasi za ukaaji ao uraia wa kule, anayepangisha nyumba yake Goma, anapaswa kutaja kodi ile ya nyumba kwenye fomu yake. Na wewe unayeota viza ya mwanafunzi ujue: kwa kawaida katika miaka mitano ya kwanza mwanafunzi hujaza 1040-NR, fomu ya asiye mkaaji, na hastahili ule msaada wa 1975. Wanaojaza fomu ya kawaida juu ya kutojua, baadaye wanapata shida wanapoomba karatasi nyingine.

7. Na anayelipa bila kupiga kura?

Nimeacha swali gumu mwisho. Marekani ilizaliwa kwa kelele ya watu waliokataa kulipa kodi kwa Bunge la London ambamo hawakuwa na mtu wao. Lakini mwaka wa 1943, mshahara wa mfanyakazi mweusi wa Mississippi ulikatwa sawa na wa mzungu, na siku ya uchaguzi mweusi yule alifukuzwa mlangoni. Katika majimbo kadhaa ya Kusini ilidaiwa pia kodi ya kichwa ili mtu apige kura. Badiliko la 24 la Katiba liliikataza kwa uchaguzi wa taifa mwaka wa 1964, na sheria ya haki ya kupiga kura ikafuata 1965. Kati ya kukatwa mshahara na kupata sauti, miaka ishirini na miwili. Na mpaka leo, mkimbizi wa Kivu anayefanya kazi Kentucky anakatwa kuanzia mshahara wa kwanza, lakini uraia, na kura, anavingoja kama miaka mitano.

Sisi Wakongo tunaijua kodi kwa sura nyingine. Babu zetu walilipishwa kodi ya kichwa na Wabelgiji, nayo ilitumika kuwasukuma kwenye mashamba na migodi, maana hakukuwa na fasi nyingine ya kupata pesa. Hakuna aliyewauliza. Leo mwenye kazi rasmi anakatwa kodi kwenye mshahara, na wengi wetu hatujui hata ni kiasi gani, maana tunaangalia tu kinachobaki.

Hapo ndipo naona Wamarekani wamepata kitu kimoja cha kuigwa, pamoja na makosa yao yote. Kila mwaka, fomu inamlazimisha mtu wa kawaida aketi mezani aandike: nilipata hiki, serikali ilichukua hiki. Mtu akishaandika hivyo kwa mkono wake, siku mwanasiasa anapokuja kuomba kura, ana la kumuuliza. Kukata kwenye mshahara kunaficha kodi. Fomu inaifunua tena.

Basi wahitimu wenzangu, mwisho wa mwezi huu, wewe mwenye kazi, omba biro ya mishahara ikuonyeshe mstari wa kodi yako. Na wewe mwenye ndugu Marekani, akikuambia pesa ya takse imeingia, mpe pole kwa kazi kabla ya kumwomba. Wanafunzi wa sheria na wa uchumi, leteni maoni yenu hapa chini: je, kwetu kila mfanyakazi angejaza fomu yake mwenyewe, ingebadilisha kitu?